Tundu la Sindano

Nyoosha mikono yote miwili mbele yako, vidole gumba vikiwa vimesimama na kugusana. Fumba jicho la kushoto. Jicho la kulia likazie kidole gumba cha kushoto na lisibanduke hapo, huku ukiusogeza mkono wa kulia taratibu kuelekea kulia. Kabla hujatimiza shibiri, ncha ya kidole gumba cha kulia itatoweka. Endelea kusogeza, itarudi.

Mfaransa Edme Mariotte alilieleza jambo hili katika miaka ya 1660. Kila jicho la binadamu lina mahali ambapo halioni tangu kuzaliwa: pale nyuma ambapo mshipa wa fahamu unatoka kwenda kwenye ubongo, kwani pale hakuna chembe za kupokea mwanga. Nilipojaribu mara ya kwanza sikushangazwa sana na kidole kupotea. Nilishangazwa na kilichokaa mahali pake, yaani ukuta. Sikuona shimo, wala giza, wala doa. Ubongo ulikuwa umechukua rangi ya ukuta iliyokuwa jirani ukashona kiraka, na kiraka kikalingana na kitambaa kiasi kwamba nisingekijua kama nisingekitega.

Glakoma, ambayo wengi wetu tunaiita presha ya macho, hufanya kazi yake hapo hapo, mahali mshipa huo unapotokea. Kila jicho lina nyuzi za fahamu zaidi ya milioni moja, na ugonjwa huu huziua kidogo kidogo kwa miaka. Kila sehemu inayopotea ubongo huifunika kwa ujanja ule ule uliokificha kidole chako. Ndiyo maana sipendi yale mabango ya hospitali yanayoonyesha barabara au watoto wawili ndani ya duara jeusi, eti hivyo ndivyo mgonjwa anavyoona. Yametengenezwa kwa nia njema, lakini anayeyaamini ataketi kusubiri weusi ambao hautakuja. Wagonjwa wengi wakiulizwa husema wanaona ukungu mahali fulani, au kwamba vitu havikuwepo kisha ghafla vikawepo: pikipiki, mtoto, ngazi.

Shangazi yangu wa Tanga alikuwa mshonaji wa kofia za mkono, zile zenye vitundu vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja baada ya kingine, kazi ya miezi kwa kofia moja. Alikuwa ameshapita miaka sitini na bado anatia uzi kwenye sindano nyembamba bila miwani, tena jioni, kwa mwanga wa mlangoni. Rika lake walikuwa wakiita wajukuu kuwatilia uzi. Yeye aliwacheka. Kumbe hata hilo lilikuwa na sababu yake: tangu utotoni hakuwa akiona vizuri vya mbali, na macho ya namna hiyo mara nyingi hubaki na uwezo wa kuona karibu hata uzeeni. Madaktari wanajua pia kwamba macho ya namna hiyo, hasa yakiwa na upungufu mkubwa, hupata glakoma kwa urahisi zaidi kuliko mengine. Sifa aliyojivunia na maradhi yaliyomnyemelea vilitoka nyumba moja.

Dalili zilikuwepo, ila zilikuja kama utovu wa adabu. Mtaani walianza kusema amekuwa na maringo, anawapita watu barazani bila hata salamu. Kwa mtu wa pwani hilo si jambo dogo. Akina mama waliokuwa wakiketi upande wake wa kushoto walinuna, waliokuwa wakiketi kulia wakashangaa hao wenzao wamemkosea nini. Nyumbani alikuwa akiangusha vikombe, na kila kikombe kilichoanguka kilikuwa kimewekwa kushoto. Alijikwaa kwenye kizingiti cha nyumba aliyoizoea miaka yote. Sisi tukasema ni uzee. Siku mwanawe alipothubutu kutaja macho, alijibu kwa maneno mawili, “Leteni sindano,” akatia uzi mbele yetu sote, na mjadala ukaisha.

Nani angebishana na tundu la sindano? Lakini tundu la sindano hulipima jicho katikati tu, na katikati ndipo glakoma inapofika mwisho. Mgonjwa anaweza kusoma herufi za chini kabisa kwenye kibao cha hospitali, akapongezwa, akarudi nyumbani akiwa amepoteza nusu ya uwanja wake wa kuona.

Shangazi aligundua kwa povu la sabuni. Aliingiwa na povu jicho la kulia akiwa ananawa uso, akalifumba, na dunia ikaondoka. Jicho la kushoto lilikuwa limebakiwa na kijisehemu tu cha mwanga kwa pembeni. Siku zote lile jicho la kulia lilikuwa limeona kwa niaba ya yote mawili.

Ndani ya jicho kuna maji, na si machozi. Yanatengenezwa mfululizo nyuma ya ile sehemu yenye rangi, yanapita kwenye mboni kuja mbele, yanalisha lenzi na kioo cha jicho, kisha yanatoka kwa kuchujika kwenye vijitundu vya pembeni na kurudi kwenye damu. Kila saa mbili hivi yanakuwa yamebadilishwa yote. Vijitundu vya kutokea vikizidi kuwa vigumu kupitisha, maji yanaendelea kutengenezwa kama kawaida na shinikizo linapanda. Kwa watu wengi shinikizo hilo huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Likikaa juu miaka mingi, mahali mshipa unapotokea ndipo pananyongeka, kwa kuwa ndipo ukuta wa jicho ulipo dhaifu zaidi.

Ningependa habari iishie hapo, maana ingekuwa nyepesi kueleza. Bahati mbaya wapo wenye shinikizo la 25 ambao mishipa yao haidhuriki maisha yao yote, na wapo wenye 16 wanaopofuka. Kwa hiyo kipimo cha presha ya jicho peke yake hakitoshi, na presha ya damu ya mkononi haiwezi kukuambia presha ya jicho, ingawa nimeshamsikia mtu akidai hana haja ya kupimwa macho kwa kuwa vidonge vyake vya presha anameza kila siku. Lazima mtu mwenye ujuzi autazame mshipa wenyewe. Tangu mwaka 1851, Mjerumani Hermann von Helmholtz alipochapisha maelezo ya chombo chake cha kutazamia ndani ya jicho, mshipa huo unaonekana kwa yeyote aliyefundishwa, bila kumkata mtu na bila maumivu. Naliona hilo kuwa jambo la ajabu. Mishipa mingine ya fahamu imefichwa kwenye nyama na mifupa. Huu mmoja daktari anaweza kuuchungulia kupitia mboni iliyopanuliwa kwa matone, akaona kama kile kishimo cha katikati kimeanza kupanuka.

Ipo glakoma nyingine ambayo hupiga kelele, na kwa hiyo husikika. Njia ya maji huziba ghafla, jicho linakuwa jekundu na gumu, taa zinaonekana na duara la rangi, kichwa kinapasuka na mgonjwa anatapika. Huyo hukimbizwa hospitali, ingawa kwa kutapika kwake anaweza kuanza kutibiwa malaria huku saa zinapita. Ipo pia ya watoto wachanga, na hii hunisikitisha kwa namna yake. Jicho la mtoto bado ni laini, shinikizo linalitanua, na mtoto anakuwa na macho makubwa mazuri ambayo kila anayekuja kumtazama anayasifia. Anatoa machozi, anaukwepa mwanga kwa kuficha uso kifuani kwa mama, kioo cha jicho kinaanza kuwa na ukungu. Huyo anahitaji upasuaji mapema mno, na kinachomchelewesha ni sifa.

Nyingine tunaitengeneza wenyewe. Mtoto anawashwa macho kila msimu wa vumbi, mama ananunua dukani kichupa cha matone yenye steroidi, mwasho unaisha siku ya pili. Dawa ni nzuri ikisimamiwa. Lakini kichupa hununuliwa tena na tena kwa miezi, bila cheti na bila kipimo, na kwa baadhi ya watu dawa hiyo hupandisha shinikizo la jicho kimya kimya. Kijana anafika kidato cha tatu haoni ubao, na kosa lake pekee ni kutii alipoambiwa aweke dawa.

Turudi kwa Shangazi, ambaye daktari alipomaliza kumpima alimuuliza swali ambalo nadhani madaktari wote wa macho wa ukanda huu wanalijua: “Mwanangu, nije siku gani mnitoe?” Alikuwa na jirani aliyetolewa mtoto wa jicho. Jirani huyo aliongozwa kwa mkono kwenda hospitali na kesho yake akafunguliwa bandeji akawataja watoto wake kwa majina. Habari hiyo ilizunguka mtaa mzima. Ugonjwa wa mtoto wa jicho umetufundisha kwamba macho yakififia mtu husubiri; zamani watu waliambiwa wazi kwamba wasubiri mpaka uive ndipo utolewe. Somo hilo ni la kweli kwa ugonjwa ule, na limewapofusha wengi wa ugonjwa huu. Uzi wa fahamu uliokufa haufufuki kwa dawa wala kwa kisu chochote kilichopo leo. Hata ile methali ya ufa na ukuta haifai hapa: ufa hauonekani, na ukuta ukianguka haujengwi.

Daktari alimweleza kwa upole kwamba la kushoto limekwenda, kinacholindwa ni la kulia. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama dawa hizo zitamfanya aone vizuri zaidi. Hapana. Zitaisha lini? Haziishi. Na nikiziweka nitajuaje kama zinafanya kazi? Hutajua, sisi tutapima.

Nimeyafikiria sana mazungumzo hayo. Sisi tunaiamini dawa inayotulipa. Panadoli hulipa kwa saa moja, sindano ya malaria hulipa kwa siku mbili, hata dawa chungu ya mganga hulipa kwa kukutapisha, ukajua kuna kitu kimetoka. Matone ya glakoma yanachoma, yanagharimu kila mwezi, yanataka saa maalumu, na malipo yake ni kwamba kesho itakuwa kama leo. Timolol huwekwa asubuhi na jioni, na mwenye pumu au moyo unaopiga polepole sana lazima amwambie daktari kabla, maana tone la jichoni huingia mwilini. Latanoprost huwekwa mara moja usiku, na chupa yake kabla ya kufunguliwa inataka friji, katika nyumba ngapi? Mzee anayetetemeka mkono anadondosha moja jichoni na tatu shavuni, na chupa ya mwezi inaisha kabla ya wakati. Anayeacha haumwi. Wiki inapita, mwezi unapita, haoni tofauti yoyote, na anaanza kujiuliza alikuwa akinunua nini.

Historia ya dawa hizi ina kisa ambacho Waafrika hatukisimulii vya kutosha. Huko Calabar, kusini mashariki mwa Nigeria, Waefik walikuwa na maharagwe yenye sumu waliyoyatumia kwa kiapo: mshukiwa alinyweshwa, akitapika ni mkweli, akifa alikuwa na hatia. Waskoti waliyachunguza maharagwe hayo karne ya 19 wakaona kwamba kitu kilichomo kinabana mboni ya jicho. Mwaka 1876 daktari Ludwig Laqueur akaripoti kwamba kitu hicho kinashusha shinikizo la glakoma. Laqueur mwenyewe alikuwa mgonjwa wa glakoma. Kabla ya hapo tiba ilikuwa kisu. Tone la kwanza la ugonjwa huu, basi, lilitoka kwenye chungu cha kiapo cha Kiafrika.

Na kipimo cha uwanja wa kuona nacho naona kina harufu ya kiapo. Unaweka kidevu kwenye mashine, jicho moja limefunikwa, unakazia kijitaa cha katikati. Vijimwanga vinawaka pembeni, hapa hafifu, pale hafifu zaidi, na kila ukiona unabonyeza kitufe. Ukiacha kidogo kijitaa cha katikati na kuviwinda kwa macho, umejidanganya mwenyewe. Kuna nyakati ndefu hakuna mwanga, na hujui kama mashine imenyamaza au ni wewe huoni. Nimemwona mtu mzima, mkuu wa shule mstaafu, akitoka kwenye chumba hicho akifuta jasho.

Ugonjwa huu si wa mbali. Kongwa, wilaya ya mkoa wa Dodoma ambayo vitabu vya historia vinaikumbuka kwa mradi wa karanga wa Waingereza, watafiti waliwapima macho watu zaidi ya 3,200 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea katika vijiji sita. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha asilimia 4.16 walikuwa na glakoma ya aina moja au nyingine, karibu mtu mmoja kati ya kila ishirini na wanne. Glakoma ya kawaida, ile ya kimya, ina kiwango cha juu zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika kuliko kwa wengine, na kwetu huanza mapema na kwenda mbio zaidi. Hata katika nchi tajiri karibu nusu ya walio nayo hawajui.

Habari njema ninayoifahamu inatoka Moshi. Katika hospitali ya KCMC ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2021: wagonjwa 201 waligawanywa, wengine wakapewa matone ya timolol, wengine wakapigwa mwanga wa leza kwenye vile vijitundu vya kutolea maji. Baada ya mwaka, tiba ilikuwa imefaulu kwa asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, na asilimia 31 ya yale ya matone. Leza hiyo haina uchungu wa kutajika, inachukua dakika chache, na nguvu yake hupungua kwa muda ikahitaji kurudiwa. Ninachokipenda ni kwamba haimtaki mgonjwa akumbuke kila siku ugonjwa asiousikia. Ubaya ni kwamba mashine ziko hospitali chache.

Kuhusu kugundua mapema, watu hudhani jibu ni kuwapanga foleni wananchi wote uwanjani. Kwa jinsi kipimo kimoja kisivyotosha, foleni hiyo ingewatisha wazima na kuwapitisha wagonjwa. Nadhani mlango upo mwingine, nao uko wazi kwa kila mtu: miwani ya kusomea. Ukikaribia au kupita miaka arobaini, gazeti huanza kusogezwa mbali na uso. Mwili hapo unamwita kila mmoja kwa daktari wa macho, maskini na tajiri, kwa sababu isiyo ya aibu wala ya hofu. Sasa sisi tunakwenda wapi? Kariakoo, au stendi, kwa kijana mwenye ubao wa miwani. Tunajaribu moja, mbili, tunasoma pakiti ya majani ya chai, tunalipa. Sina ugomvi na kijana yule, miwani yake inasaidia watu kushona na kusoma Qurani na Biblia. Ila ile ndiyo ilikuwa nafasi ya mtu kuchungulia nyuma ya mboni, na imeuzwa kwa bei ya soda chache.

Mlango wa pili ni damu. Ndugu wa tumbo moja na watoto wa mgonjwa wana hatari kubwa mara kadhaa kuliko watu wengine. Baada ya Shangazi, niliandika ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, nikaeleza kila kitu, nikataja kwamba aliyefika umri wa arobaini asisubiri. Majibu yalikuja mengi. Amina. Mungu ampe shifaa. Mikono ya dua. Mmoja alinipigia pembeni kunisihi nisiandike tena mambo hayo hadharani, kwani ana binti anayeposwa na watu watasema ukoo wetu una upofu.

Baba nilimpata kwa ujanja wa miwani. Nilimwambia tukanunue nzuri, ya hospitali. Walimpima yote. Presha ya jicho ilikuwa 27 upande mmoja na 25 wa pili, mshipa mmoja umeanza kupungua, uwanja wa kuona bado mzima. Akaanzishiwa tone la usiku. Analalamika kwamba linamchoma na halimfanyii lolote. Aliporudi kupimwa baada ya miezi kadhaa, daktari alilinganisha karatasi mbili akamwambia, “Mzee, hakuna jipya.” Baba alikasirika njia nzima kwamba ametumia nauli ya Tanga kuja kuambiwa hakuna jipya, nami nilishindwa kumweleza kwa nini nilikuwa nataka kumkumbatia.

Wamebaki wawili wa kupimwa. Shangazi mdogo ameshapangiwa tarehe. Baba mdogo wa Muheza anasema yeye tusimsumbue, anaona vizuri sana.